Mama ameacha kopo la fedha na maneno machache. Kaka hataki hitma. Nishike lipi?

Assalaam alaykum Mshauri,

Nakuandikia usiku, cherehani nimeshaifunika na watoto wamelala. Mimi ni mwanamke wa miaka 46, nakaa Mbagala, nashona nguo za watu. Kwetu ni Tanga, Ngamiani. Jina langu usilitoe, na la mama yangu pia, ingawa mtaani kwetu ukisema "Mwalimu" tu inatosha.

Mama alisomesha chuo cha Kurani barazani kwake zaidi ya miaka arobaini. Hakuwa na cheti wala mshahara. Kila mtoto alileta senti yake siku ya Alhamisi, na asiyekuwa nayo alikuja vilevile. Alfajiri alikaanga vitumbua vya kuuza, na baada ya alasiri aliketi kwenye jamvi na kijiti chake cha mwarobaini cha kuonyeshea herufi: alifu haina nukta, be nukta moja chini, te nukta mbili juu. Kijiti kile hakikuwahi kumgusa mtoto. Ukikosea alikigonga kwenye jamvi mara mbili, basi, unarudi mwanzo wa aya. Mpaka leo nikisikia kitu kinagonga mara mbili nageuka kutazama nimekosea wapi.

Baba alifariki sisi tungali wadogo. Tuko watatu: kaka yangu mkubwa, mimi, na mdogo wetu wa kike ambaye yupo Muscat kikazi. Vitumbua vile ndivyo vilivyotulea. Nilipoachika, binti yangu wa kwanza nilimpeleka kwa bibi yake akiwa na miaka mitatu, akakulia huko. Sasa ana miaka 17 na ameshahitimu Kurani mara mbili mbele ya bibi yake. Mimi niliyezaliwa mle ndani, sitakuficha, sala zangu ni za kuokoteza. Yasini niliyokuwa naisoma kwa moyo nikiwa na miaka tisa, leo naishia katikati.

Mama alifariki Rajabu ya mwaka jana. Aliugua siku tatu tu. Mazishi sikuyawahi: basi lilikuwa limefika Segera nikapigiwa simu kwamba watu wameshatoka makaburini. Hilo limeshapita, sitaki kulieleza sana.

Sasa nije kwenye shida yenyewe. Mama alikuwa na sanduku. Ndani alihifadhi sanda yake, aliyoletewa na mwanafunzi wake aliyekwenda Hija, imeoshwa kwa Zamzam, pamoja na karafuu maiti na udi. Vyote hivyo vilitumika. Chini kabisa palikuwa na kopo la maziwa ya unga lililofungwa kwa kipande cha kanga. Tulikuta shilingi 740,000, noti za elfu mbili mbili na elfu tano tano zilizofungwa uzi, na kikaratasi cha daftari kilichoandikwa kwa herufi za Kiarabu. Mimi herufi hizo nazisoma kwenye msahafu, zikiwa na irabu zake. Mwandiko wa mama siuwezi. Kaka alikitazama kile kikaratasi, akasema, "Ni hesabu za vitumbua," akakirudisha.

Hapo binti yangu ndipo aliposema. Wiki kadhaa kabla, alikuwa akimkanda bibi yake miguu, bibi akamwambia: "Hela ya kwenye kopo ni ya siku yangu. Msiwasahau wanangu wa chuo, washibe." Sote tulielewa ni hitma, kisomo cha Kurani cha kumwombea maiti. Mtaa ule akifa mtu, mama ndiye aliyegawa juzuu za Kurani kwa wanawake, ndiye aliyejua nani ataimaliza yake upesi na nani wa kupewa Amma tu, ile juzuu ya mwisho. Yeye asisomewe?

Kaka yangu alisoma Uarabuni miaka minne, na sasa ana duka la vifaa vya umeme. Anasema hitma ya arobaini na ya mwaka ni bidaa, yaani uzushi katika dini, Mtume hakuifanya, na kupikia watu kwa jina la maiti ni kuwatwisha mzigo wafiwa. Siku ya arobaini mama wadogo walikuja na mchele kilo 20 na kuni. Alisimama mlangoni akaongea nao kwa adabu zote, lakini akawarudisha. Mama mdogo mkubwa alilia njiani na ungo wake kichwani. Sitalisahau.

Anataka fedha za kopo ziingie kwenye kisima anachochangisha huko Handeni, kiwe sadaka ya mama. Mdogo wangu wa Muscat ameshatuma mchango wake. Kama sikubali, anasema hakuna maandishi wala mashahidi, hivyo ile ni mirathi kama mirathi nyingine: igawanywe, kila mtu achukue fungu lake. Kopo ninalo mimi. Niliondoka nalo Tanga usiku bila kumuaga. Naye kijiti cha mama amekichukua bila kumuuliza mtu, amekitundika dukani kwake juu ya nyaya kama kitu cha kuuza.

Rajabu inakaribia. Mama wadogo wananipigia kila wiki: tunasoma au hatusomi? Wanashauri tuisome kwangu Mbagala, kaka asijue. Binti yangu ameniambia, "Mama, maneno yale niliambiwa mimi, yakipotea nitaulizwa mimi," na siku hizi chakula hakimpiti. Nikisoma, namvunjia heshima kaka aliyesimama kama baba yetu tangu ana miaka 14. Nisiposoma, nimemsaliti mama. Nishike lipi?

Mwana wa Mwalimu, Mbagala

MSHAURI ANAJIBU

Wa alaykum salaam dada yangu. Mwenyezi Mungu amrehemu Mwalimu na amjaze nuru kaburini mwake.

Barua yako nilipoisoma mara ya kwanza nilidhani ni ugomvi wa hitma, nao si mgeni kwangu. Mara ya pili nikakwama Segera. Umeandika kurasa nzima juu ya kopo, mchele, kuni, kisima na kijiti, ila siku uliyompoteza mama yako umeipa mistari miwili na kuifungia mlango. Naomba ruhusa niufungue kidogo. Ukiona nimeingia nisikoalikwa, ruka aya hizi uende mbele.

Kwa kawaida yetu ya Pwani, hata ungewahi, usingefuata jeneza makaburini. Lakini ungekuwa ndani kwenye kumkosha. Mama hukoshwa na wanawe wa kike na ndugu zake. Ungemmiminia maji, ungemwona uso, ungemtia karafuu maiti ile aliyoitunza miaka yote kwenye sanduku. Hilo ndilo ulilolikosa, na hakuna aliyekurudishia. Kisha ikaja arobaini, ambapo ungekaa na mama zako wadogo jamvini ulie pamoja nao, nayo ikarudishwa mlangoni. Kwa hiyo ninapokusikia unaipigania hitma ya mwaka, nasikia pia mtu ambaye mpaka leo hajapewa mahali pa kumlilia mama yake. Huenda nimekosea, wewe ndiwe unayejua. Ila kama kuna ukweli hapo, basi hitma hiyo ni ya Mwalimu na ni yako pia, wala si aibu kusema hivyo. Ni vyema ukajua sehemu ipi ya shauku ni yake na ipi ni yako, kwa sababu kaka yako unamwambia "mama alitaka", na hujamwambia hata mara moja "mimi nahitaji". Je, anajua kwamba ulikuwa Segera wakati ule? Namaanisha anajua ilikuwaje ndani ya lile basi kutoka pale hadi Muheza hadi Tanga? Kuharakisha maziko ni mafundisho, na aliyeharakisha si lazima awe na ubaya. Lakini maumivu ya aliyechelewa hayaondoki kwa sababu sheria ilifuatwa.

Turudi kwenye maneno ya mama. Umeyanukuu vizuri, nami nimeyaandika pembeni ya karatasi yangu: *Hela ya kwenye kopo ni ya siku yangu. Msiwasahau wanangu wa chuo, washibe.* Unasema sote tulielewa ni hitma. Labda. Lakini neno hitma halimo. "Siku yangu" kwa wazee wengi wa Pwani ni siku ya kufa yenyewe. Ndiyo maana sanda na kopo vilikaa sanduku moja. Alitaka asimtwishe mtu mzigo. Kama ndivyo, siku ile imepita na gharama zake walilipa wengine. Pia yawezekana alikusudia hitma, kwa kuwa mtu aliyegawa juzuu miaka arobaini hahitaji kulitaja neno ili aeleweke. Na ipo njia ya tatu: kwamba sentensi ya pili ndiyo usia wenyewe. Watoto washibe. Amewataja watoto, hakuwataja wasomaji. Sijui ipi ni sahihi, nawe hujui, na kaka yako hajui. Mmegombana miezi yote hii juu ya maana, na maneno yenyewe mmoja wenu tu ndiye aliyeyasikia.

Kikaratasi sasa. Moyoni mwako, ingawa hukuliandika, umemshuku kaka kwamba amesoma kitu kingine akasema vitumbua. Hebu mpe nafasi kwanza. Kiswahili cha bibi zetu kilichoandikwa kwa herufi za Kiarabu ni kigumu hata kwa mtu aliyesoma Uarabuni, pengine kwake zaidi, maana yeye amezoea Kiarabu. Wazee wengi waliitumia herufi be ile ile kwa b, kwa p na kwa mb, hata "pata" na "bata" zikaandikwa sawasawa. Irabu e na i zilivaa alama moja, na o na u vilevile. Msomaji hulazimika kukisia neno kutokana na mazungumzo, na wa kukisia vizuri ni yule aliyemjua mwandishi na kukaa naye jamvini. Mtafuteni mzee wa rika lake anayeandika hivyo, wa kike au wa kiume, akisome kwa sauti, kaka yako akiwepo. Nasisitiza awepo. Ukienda kukisomesha kwa siri ili urudi kumnasa, hata kama umepatia, umepoteza. Na uwe tayari pia kwamba zitatoka hesabu za vitumbua: sukari kiasi hiki, mchele kiasi hiki, fulani anadaiwa. Mimi binafsi ningelia zaidi kwa hizo kuliko kwa usia.

Juu ya hitma yenyewe utanisamehe, mimi si sheikh, na nikithubutu kutoa fatwa hapa simu yangu haitapumzika wiki nzima. Nitakachosema ni kwamba ugomvi huu mmeukuta. Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui wa Mombasa, aliyefariki mwaka 1947, alikuwa akizikemea desturi alizoziona ni uzushi kabla wewe na kaka yako hamjazaliwa, na Sheikh Abdallah Saleh Farsy baada yake akaendeleza. Masheikh wengine wa Pwani hii hii, wacha Mungu na wenye elimu, wakashikilia hitma na maulidi wakiwa na hoja zao. Wanazuoni wa Kishafi wenyewe wamekhitalifiana tangu kale kama thawabu za kisomo humfikia maiti. Kwa hiyo kaka yako hakutoa msimamo wake mfukoni ili kukuudhi, na mama zako wadogo si wajinga wasiojua dini. Kila upande una sheikh wake, na huwezi kumshinda mwenzako kwa kuongeza sheikh mwingine.

Ila kuna mambo ambayo pande zote mbili zinayakubali, nami ningekaa hapo. Kaka yako anapotaja kisima, sina shaka anaikumbuka hadithi ya Saad bin Ubada, kwamba alimuuliza Mtume, rehema na amani zimshukie, kama sadaka atakayoitoa kwa niaba ya mama yake itamfaa, akajibiwa ndiyo. Katika mkusanyo wa hadithi wa Bukhari imepokewa kuwa alitoa bustani yake. Katika mapokezi mengine aliuliza sadaka ipi ni bora, akaambiwa maji, akachimba kisima. Watu huitaja hadithi hii kwa ajili ya kisima na kusahau inavyoanza. Inaanza kwa kueleza kwamba mama yake Saad alifariki yeye mwenyewe akiwa hayupo. Ni habari ya mtoto aliyekuwa safarini, dada yangu. Msomee kaka yako mwanzo ule.

Nyingine ni ya yule mwanamke aliyekuwa akifagia msikiti wa Mtume. Alifariki, watu wakamzika bila kumwarifu Mtume, wakaona si jambo kubwa. Alipomkosa akauliza, akawaambia kwa nini hamkuniarifu, nionyesheni kaburi lake, akaenda akamsalia pale pale. Wanazuoni wametokana na hapo kuzungumzia mtu aliyekosa jeneza kwenda kusali kaburini, nani anaweza na kwa muda gani, na kwa mwanamke kuna maneno yake zaidi. Muulize sheikh unayemwamini. Au, na hili ndilo ningelipenda kuliona, mwombe kaka yako akuulizie yeye. Mpe kazi ya kukutafutia njia badala ya kazi ya kukukatalia.

Na zile kilo 20 za mchele? Ipo hadithi maarufu, alipouawa Jaafar bin Abi Talib, Mtume aliwaambia watu watengenezeeni chakula watu wa nyumba ya Jaafar, wamepatwa na la kuwashughulisha. Wanaopinga wafiwa kupikia wageni huishika hiyo, na nadhani kaka yako alikuwa nayo kichwani pale mlangoni. Lakini mama zako wadogo walikuja na mchele wao na kuni zao. Sisemi ndiyo hiyo hiyo. Siku ya msiba na siku ya arobaini ni mbalimbali. Nasema tu palikuwa na nafasi ya kukaa chini na kuzungumza, na pande zote zikaikosa. Mama mdogo aliyerudi na ungo kichwani anastahili kufuatwa nyumbani kwake na kutakwa radhi. Si lazima kaka yako ageuze msimamo ndipo afanye hivyo. Na wewe je, ulimfuata njiani siku ile?

Kijiti sasa. Umekiandika kama wizi. Nami nimejiuliza: mwanamume aliyeanza kuwa baba akiwa na miaka 14, ambaye imani yake haimruhusu arobaini wala hitma, na asiyelia mbele za watu, atamweka wapi mama yake? Amemweka ukutani juu ya nyaya, mahali anapotazama siku nzima akiuza swichi na balbu. Kama kingekuwa cha kuuza kisingetundikwa, kingepangwa chini na bei. Naweza kuwa nimempamba, simjui. Lakini wewe uliondoka na kopo usiku, yeye akaondoka na kijiti, na mimi kwa hapa nilipo naona watoto wawili wa mama mmoja waliokwapua kila mtu alichokiweza.

Niyapitie machaguo yako upesi, kwani unayajua.

Hitma ya siri Mbagala inawezekana, mama wadogo watafurahi nawe utapumua. Lakini siri ya watu thelathini waliokula pilau haifiki Ijumaa. Kaka akisikia, hatahesabu bidaa tu, atahesabu kwamba dada zake na mama zake wadogo walimkimbia. Na binti yako atajifunza kuwa wasia wa bibi yake ni jambo la kufichwa.

Kugawana fungu kwa fungu kuna unafuu wa hesabu. Ikiwa warithi ni nyinyi watatu peke yenu, mgao wa kawaida ni kaka 370,000, wewe 185,000 na mdogo wenu 185,000. Kisha wewe fungu lako ni lako, ukitaka kuwalisha watoto nalo hakuna wa kukuuliza. Hatari yake ni ndogo kwa fedha na kubwa kwa moyo: maneno ya mama yatakuwa yametupwa bila kuchunguzwa. Na kwa upande wa pili, kama ni wasia kweli, fahamu kuwa wasia unaruhusiwa hadi theluthi ya mali yote baada ya madeni na gharama za maziko. Theluthi hiyo ni ya mali yote, na nyumba imo. Ni vigumu 740,000 kuvuka hapo. Kaka ana haki kusema kauli ya msichana mmoja haitoshi mahakamani. Lakini warithi wakiridhiana wenyewe, hawahitaji mahakama wala mashahidi. Mdogo wenu wa Muscat naye ni mrithi, na katika barua nzima yeye ametuma hela tu, hajaulizwa neno. Mpigieni.

Kuzitia zote kwenye kisima ni jambo jema, na wanaoishi Handeni wanajua maana ya ndoo ya maji. Swali langu ni kama utakuwa umezitoa au utakuwa umechoka. Ukichangia kwa kuchoka, kila utakapokisikia kile kisima utakumbuka ungo.

Yapo na ya katikati, ambayo nayaogopa kidogo kwa sababu huonekana mepesi: nusu huku, nusu kule. Yanaweza kufaa. Yanaweza pia kuwa njia ya kumaliza ugomvi bila kumsikia mtu yeyote.

Vyovyote utakavyoelekea, kopo lile lirudi mezani kwanza, mbele ya kaka yako, likiwa na noti zake na uzi wake. Usilitumie hata kwa heri likiwa limeondoka Tanga usiku.

Kuhusu sala zako za kuokoteza, sikuwekei mahakama. Umesema Yasini unaishia katikati. Mwanao ameihifadhi. Watu hujifunza kwa watoto wao, wala hakuna atakayegonga jamvi.

Kuna jambo moja limenisumbua tangu nilipoanza kukuandikia. Umenieleza sanduku, kopo na duka, na hukunieleza chuo. Lile jamvi limekunjwa? Watoto waliokuwa wakija baada ya alasiri wanakwenda wapi sasa, na Alhamisi senti zao wanampa nani? Mama yako hakusema "wasomaji", hakusema "watu", alisema wanangu wa chuo. Wapo hai, wako mtaani pale, na pengine wewe na kaka yako hamjawahi kubishana juu yao hata mara moja.

Kwa hiyo kabla ya kumpigia kaka, kabla ya kuwajibu mama wadogo, mpigie binti yako. Amebeba mzigo ambao kila mtu anaugombea na hakuna aliyemsaidia kuushika. Nenda ukakae naye, mkikaanga vitumbua ikiwezekana, mikono ikiwa na kazi maneno hutoka. Muulize bibi alikuwa akizungumzia nini kabla ya kulitaja kopo. Muulize na baada ya "washibe" alisema nini, au alinyamaza, au alicheka. Msikilize mpaka amalize, na usimwambie maana yake.